Kutengeneza Gita la Umeme Lenye Uso Uliobinuka kwa Mikono: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Nyanda za Juu Kusini

Gita la umeme lenye uso bapa halimsumbui sana seremala aliyezoea makabati na vitanda, kwa sababu vipimo vyake vyote huanzia kwenye ubao mmoja ulionyooka. Uso ukishabinuliwa, hesabu inabadilika: daraja linalobeba nyuzi linakaa kileleni, ukingo unabaki chini, na shingo haiwezi tena kulala sambamba na kiwiliwili, bali hulazimika kuinamia nyuma kidogo ili nyuzi zifike darajani zikiwa kwenye kimo kinachochezeka. Wengi wanaojaribu kazi hii huchonga mbinuko mzuri kabisa, kisha hukuta nyuzi zinakwaruza freti, yaani vyuma vinavyokingama shingoni, au zimepaa kiasi cha kuumiza vidole. Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia utaratibu mmoja: kimo cha kila sehemu kinaamuliwa kwenye mchoro wa ubavu kabla msumeno haujagusa mbao, na mbinuko wenyewe unachongwa baada ya kiungo cha shingo kukamilika.

Muundo tunaoufuata ni wa zamani. Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilileta sokoni gita la Les Paul mwaka 1952 likiwa na kiwiliwili cha mahogani na uso wa mepeli uliochongwa, wazo lililorithiwa kutoka kwenye fidla na kutoka kwenye magita yasiyo ya umeme ambayo kampuni hiyo ilikuwa imeyatengeneza kwa miaka mingi. Daraja la aina ya Tune-o-matic, ambalo husimama juu ya nguzo mbili na kupandishwa au kushushwa kwa mkono, lilifuata mwaka 1954, na ndilo ninalolipendekeza hapa kwa sababu linamsamehe fundi makosa ya milimita moja au mbili.

Mbao, na zaidi ya mbao, ukavu wake

Huku kwetu hatuna uhaba wa mbao. Tuna uhaba wa mbao kavu. Misonobari na mikaratusi inayopasuliwa Mafinga na maeneo ya Sao Hill huuzwa mara nyingi ikiwa bado na maji mengi, jambo ambalo kwa kenchi za paa halina madhara makubwa, lakini kwa gita ni balaa, kwani shingo itapinda na kiungo cha uso kitafunguka.

Kwa kiwiliwili, chaguo langu la kwanza ni mkangazi, ambao ni ndugu wa mahogani, hauna uzito wa kuchosha bega na hukubali patasi bila ubishi. Mninga, unaopatikana kwenye misitu ya miombo kama ile ya Chunya, husinyaa kidogo sana unapokauka na una michirizi ya dhahabu na hudhurungi inayopendeza machoni, kwa hiyo ninautengea ubao wa uso. Kiwiliwili kizima cha mninga chenye unene wa milimita 45 kinakaribia kilo 3 kabla hata ya kuongeza uso, na mpiga gita wa kwaya anayesimama ibada nzima hatakushukuru. Mgrevilea wa kwenye mashamba ya kahawa na chai unafaa kwa gita la kwanza la mazoezi, na ukipasuliwa vizuri hutoa madoa yanayong'aa ambayo watu hulipia fedha nyingi kwingineko. Hata msonobari usidharauliwe: baadhi ya magita ya mwanzo kabisa ya Esquire ya kampuni ya Fender yalikuwa na viwiliwili vya msonobari. Kwa ubao wa vidole, ule unaobeba freti juu ya shingo, hakuna cha kushindana na mpingo, mti mzito unaozama majini. Huhitaji gogo, bali kipande cha sentimita 50 kwa 7, chenye unene wa milimita 8 hivi, ambacho wachongaji wa vinyago wanaweza kukuuzia kama mabaki.

Unaponunua mninga, mkangazi au mpingo, dai risiti, na uhakikishe muuzaji ana nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mbao za miti ya asili hukaguliwa barabarani, na ubao usio na hati unaweza kukamatwa ukiwa kwenye buti la basi.

Ukishaufikisha ubao nyumbani, paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili ili maji yasitoke upesi huko na kupasua mbao, kisha zipange ndani ya chumba chenye hewa, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti vya unene mmoja. Kanuni ya mafundi ni takriban mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, lakini usitegemee kalenda peke yake. Tumia mzani: pima ubao kila wiki na uandike uzito ubavuni kwa penseli, na pale ambapo uzito umeacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, ubao umelingana na hewa ya chumba chako. Msimu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndio wa kukaushia na kuunganishia. Mvua za Novemba hadi Aprili hurudisha unyevu kwenye mbao, hasa upande wa Tukuyu na Kyela, na kiungo kilichofungwa kipindi hicho hufunguka Agosti.

Vifaa

Ruta ya umeme inaharakisha kazi, lakini si lazima, na kwa mbinuko wenyewe naiona ni hatari zaidi kuliko msaada, kwa kuwa inaondoa katika sekunde moja mbao ambazo haziwezi kurudishwa. Unahitaji msumeno mwembamba, randa kubwa na randa ndogo, patasi za milimita 6, 12 na 25, patasi ya mviringo, keekee, tupa ya mbao, rula ya chuma ya mita moja na klampu zisizopungua 10. Kikwangulio kinatengenezwa kutoka kwenye bapa la msumeno uliochakaa: kata kipande cha ukubwa wa kiganja, nyoosha ukingo kwa tupa, kisha usugue kwa chuma kigumu hadi ukingo ujikunje na kushika mbao. Barakoa si mapambo, kwani vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na kuziba kifua.

Vitu vya kuagiza ni waya wa freti, nondo ya kurekebisha shingo, daraja na kishikio cha nyuzi, funguo za kukazia nyuzi, na vinasa sauti, ambavyo wapigaji wengi huviita pikapu. Subiri vyote viwe mkononi kabla ya kuchora. Vipimo vya daraja lililo mbele yako ndivyo vya kuaminiwa, si vya picha.

Mchoro wa ubavu

Chora gita likionekana kwa ubavu, kwa ukubwa wake halisi, juu ya kipande cha plaiwudi. Tuchukue urefu wa uzi wa milimita 628, unaokaribia ule wa Les Paul, na shingo inayokutana na kiwiliwili kwenye freti ya 16. Kutoka kidaraja cha kichwani, kile kinachobeba nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, hadi freti hiyo ni milimita 378.8, na kutoka hapo hadi darajani zinabaki 249.

Sasa fikiria kilele cha uso, mahali daraja litakapokaa, kuwa sifuri. Daraja likiwa kwenye kimo cha katikati, vijiti vinavyobeba nyuzi viko milimita 16 juu ya kilele. Toa milimita 3 kwa ajili ya nafasi kati ya nyuzi na freti, na utapata kwamba mstari unaopita juu ya freti zote, ukirefushwa, unapaswa kupita milimita 13 juu ya kilele. Upande wa pili, kwenye freti ya 16, kitako cha shingo kinalala milimita 6 chini ya kilele. Ongeza ubao wa vidole wa milimita 6 na freti ya milimita 1, na juu ya freti unakuwa milimita 1 juu ya sifuri. Mstari huo unatakiwa kupanda milimita 12 ndani ya milimita 249, yaani mwinamo unaokaribia digrii 2.8. Daraja lako likiwa refu zaidi, mwinamo unaongezeka. Ubao wa vidole ukiwa mnene zaidi, unapungua. Rudia hesabu kwa vipimo vyako, na usihamishe namba zangu kama zilivyo.

Kwenye mchoro huohuo onyesha ubao wa uso wenye unene wa milimita 18 kwenye kilele na milimita 6 ukingoni, na kiwiliwili cha milimita 45 chini yake. Weka pia alama ya mahali ambapo ubao wa vidole unaishia. Freti ya 22 iko milimita 451.8 kutoka kidaraja cha kichwani, hivyo sehemu ya uso iliyo chini ya ubao wa vidole inapanda kwa mwinamo uleule wa shingo hadi karibu milimita 2.5 chini ya kilele. Sehemu hii ni bapa na inabaki bapa. Mbinuko unaanzia pembeni mwake.

Kiwiliwili na ubao wa uso

Kata kiolezo cha nusu ya umbo kwenye plaiwudi nyembamba, kichore upande mmoja wa mstari wa kati, kisha kigeuze na kuchora upande wa pili, ili pande zote zifanane. Ubao wa uso hupatikana kwa kupasua ubao mmoja wa mninga katikati ya unene wake na kuufungua, michirizi ya kushoto ikitazamana na ya kulia. Nyoosha kingo mbili za katikati kwa pamoja, zikiwa zimebanwa kwenye jiriwa, kwa sababu hata randa ikiegama kidogo, pembe za pande mbili zitakamilishana. Ziinue dhidi ya dirisha: mwanga ukipenya popote, rudia.

Kabla ya kugandisha uso juu ya kiwiliwili, chimba mfereji wa nyaya kutoka vinasa hadi chumba cha vidhibiti vya sauti na toni, na ukitaka kupunguza uzito, toboa vyumba vya hewa kwenye mabawa mawili, ukiacha mhimili wa milimita 100 katikati bila kuguswa. Epuka kuweka vyumba hivyo karibu na ukingo, kwa kuwa ndipo uso utakapokuwa mwembamba kuliko kwingine kote.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, kwa sharti moja ambalo watu wa pwani hawalijui. Gundi hii haigandi vizuri kwenye baridi ya chini ya digrii 10, na usiku wa Juni na Julai, Makete, Njombe na hata Mbeya mjini, baridi hufika huko. Gundi iliyopigwa na baridi hukauka ikiwa unga mweupe badala ya utando wa wazi, na kiungo chake huachia kwa kugongwa tu. Gandisha saa sita mchana, mbao zenyewe zikiwa zimeota jua kidogo, na ulaze kazi kwenye chumba chenye joto hadi kesho yake.

Shingo

Tengeneza shingo kwa vipande vitatu vilivyogandishwa pamoja, mkangazi pande mbili na mninga katikati, nyuzi za mbao zikiwa zimesimama wima. Shingo ya namna hii hukaa imara misimu yote. Kichwa kinainamia nyuma kwa digrii 14, na badala ya kukichonga kutoka kwenye gogo moja, kata ncha ya shingo kwa mshazari, geuza kipande kilichokatwa na ukigandishe upya. Kiungo hicho cha mshazari kina nguvu kuliko kichwa cha kipande kimoja, ambacho nyuzi zake za mbao hukatika gita likianguka.

Mfereji wa nondo uchimbwe kwenye mstari wa kati, kwa vipimo vya nondo uliyonunua, wakati shingo bado ni ya mraba. Ulimi wa shingo uwe na upana wa milimita 38 na urefu wa milimita 70 hivi, na tundu lake lichimbwe kwenye kiwiliwili uso ukiwa bado bapa. Hapa ndipo pa kutumia muda. Tia shingo kavu, bila gundi, laza ubao wa vidole usio na freti mahali pake, kisha weka rula ya chuma juu yake hadi mahali daraja litakapokaa. Kwa mfano wetu, upande wa chini wa rula unapaswa kuwa milimita 12 juu ya uso, kwa kuwa freti ya milimita 1 haijawekwa. Kumbuka kwamba nusu milimita ya kosa mwishoni mwa ulimi wa milimita 70 inakuwa karibu milimita 2 darajani, kwa hiyo punguza kwa kukwangua, si kwa patasi. Nyoosha pia uzi kutoka kila upande wa ubao wa vidole hadi darajani, na uhakikishe mstari wa kati unapita katikati ya nyuzi hizo mbili. Usigandishe bado.

Mashimo ya vinasa yachimbwe sasa, kwa kutoboa matundu mengi ya keekee na kusafisha kwa patasi. Kinasa cha koili mbili kinahitaji shimo la takriban milimita 71 kwa 40, pamoja na vishimo viwili vya ziada kwa ajili ya miguu yake.

Kuchonga mbinuko

Kwa kipima ukingo, chora mstari kuzunguka ubavu wote, milimita 6 juu ya kiungo cha gundi. Juu ya uso chora mistari ya mwinuko kwa penseli: wa kwanza uwe milimita 20 ndani ya ukingo, na inayofuata ikaribiane pembeni na kuachana kadiri unavyokwenda katikati. Kila mstari una kimo chake, kwa mfano milimita 7, 10, 13 na 16, na ndani ya mstari wa mwisho kuna kilele cha milimita 18. Funga utepe kwenye ncha ya keekee kama alama ya kina, toboa vishimo vingi katika kila ukanda ukiacha milimita 1 juu ya kimo kinachotakiwa, kisha ondoa mbao kwa patasi hadi vishimo vitoweke. Uso sasa unafanana na mteremko wa shamba uliokatwa matuta ya ngazi.

Hatua inayofuata ni kuondoa ngazi hizo. Anza na patasi ya mviringo, ukikata kukingama na nyuzi za mbao, halafu endelea na randa ndogo. Daima sukuma randa kutoka juu kwenda chini, kileleni kuelekea ukingoni, kwa sababu ukipanda mlima unainua nyuzi na kunyofoa vipande. Mninga una tabia ya nyuzi kupishana, hivyo ukisikia randa inakwama badala ya kutoa maranda marefu, geuza upande au noa upya kabla ya kuendelea. Ngazi zikitoweka utakuwa na kilima, lakini bado si gita. Uzuri wote uko kwenye bonde la ukingoni: ukanda ulio kati ya milimita 15 na 20 kutoka pembeni, ambapo uso unashuka chini kidogo kuliko ukingo, kwa milimita 1 tu, kisha unapanda tena kuufikia. Lichonge kwa patasi ya mviringo kutoka pande zote mbili, zote zikishukia bondeni, na usiende chini ya unene wa milimita 5.

Kupima kwa rula hakusaidii tena hapa. Kata vipande vya kadibodi kwa umbo la mbinuko katika sehemu tatu, yaani kifuani, kiunoni na chini ya daraja, ukitumia upande mmoja kama kielelezo na kuuhamishia upande wa pili. Kisha subiri jioni, zima taa ya dari na uweke taa moja mezani, usawa wa gita lenyewe. Zungusha kiwiliwili polepole: mpaka kati ya mwanga na kivuli unapaswa kusafiri juu ya uso bila kukatika, na popote unapotetemeka pana kinundu au shimo ambalo jicho la mchana halikuliona. Laza penseli na uisugue juu ya sehemu hiyo. Risasi itashika vinundu tu, na hivyo ndivyo vya kukwangua. Fanya hivi hadi kiganja, macho yakiwa yamefumbwa, kisipate cha kulalamikia. Msasa uje mwisho, namba 120, 180, 240 hadi 320, kwa sababu ukitumia msasa mapema unakula sehemu laini na kuacha ngumu.

Kuunganisha, freti na umeme

Sasa gandisha shingo, ukirudia kipimo cha rula na cha uzi klampu zikiwa zimekaza. Ubao wa vidole ukatwe mifereji ya freti ukiwa bado bapa, kwa msumeno unaoacha upana wa milimita 0.6 hivi. Freti ya kwanza hupatikana kwa kugawa urefu wa uzi kwa 17.817, yaani milimita 35.25, toa hizo, gawa kinachobaki kwa namba ileile, na uendelee. Jumlisha umbali wote kutoka kidaraja cha kichwani na upimie hapo kila mara, kwani ukipima kutoka freti hadi freti makosa madogo hujilimbikiza. Freti ya 12 lazima iangukie milimita 314 kamili, nusu ya uzi. Mpingo una mafuta, hivyo upige msasa na kuufuta kwa spiriti muda mfupi kabla ya gundi.

Matundu ya nguzo za daraja yatobolewe baada ya shingo kukauka, si kabla. Upande wa uzi mwembamba pima milimita 630 kutoka kidaraja cha kichwani, na upande wa uzi mnene milimita 633, ili daraja likae mshazari na kila uzi uweze kurekebishwa.

Chumba cha vidhibiti huchimbwa kutoka mgongoni, kikiacha milimita 6 za mbao chini ya uso uliobinuka. Kwa vinasa vya koili mbili tumia vidhibiti vya kiloomu 500 na kapasita ya mikrofaradi 0.022 kwenye toni. Waya mmoja wa ardhi uende kwenye nguzo ya kishikio cha nyuzi. Bila huo gita litavuma hata ukiwa umeshika nyuzi.

Kuhusu rangi sina mengi. Mninga hauhitaji kutiwa rangi, na shelaki iliyopakwa kwa kitambaa, tabaka nyembamba nyingi, hulinda uso bila kuuficha. Vanishi ya kupuliza nayo inafaa, ila si siku ya mvua, kwani unyevu huifanya iwe na ukungu mweupe.

Kurekebisha

Vaa nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) na uziache zivute shingo usiku mzima. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja: katikati pabaki mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.3, na ukiwa tofauti, geuza nondo robo ya mzunguko na usubiri. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kiwe milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene. Mwisho, linganisha sauti ya uzi ukibonyezwa freti ya 12 na sauti ya kuugusa tu mahali hapo. Ukibonyezwa ukitoa sauti ya juu, rudisha kijiti chake nyuma, na ukitoa ya chini, kisogeze mbele. Mvua za Novemba zikianza, pima tena mwanya wa shingo kabla ya kugusa daraja, kwa sababu mara nyingi ni nondo inayohitaji robo ya mzunguko na si kitu kingine.